Vitabu vya koding vya mtumba pale Posta
Wakuu, kwa wanaojifunza koding, ile meza ya vitabu vya mtumba pale Posta naikubali sana, bei mnapatana na jamaa anakuacha upekue kitabu mpaka uridhike, hakupi presha kabisa. Ila cheki mwaka kilipotoka aisee! Vya kutengeneza app za Android vingi ni vya enzi za Eclipse (programu ya kuandikia kodi iliyotumika zamani) na lugha ya Java tupu, wakati Google walishaipa lugha ya Kotlin kipaumbele kwenye Android tangu 2019, na Python 2, toleo la zamani la lugha ya Python, sapoti yake iliisha 2020 kwa hiyo vitabu vyake achana navyo hata ukiambiwa buku mbili. Vya algorithimu (hatua za kutatua tatizo), databesi na historia ya makampuni ya softiwea ndo vya kubeba, havipitwi na wakati haraka, mi cha SQL (lugha ya databesi) nilichochukua hapo nakitumia kazini mpaka leo.