Bletchley Park au Jengo H?

Ukishuka stesheni ya Bletchley ukitokea London, utakuta makumbusho mawili jirani kabisa, kila moja na tiketi yake. Bletchley Park ni jumba la kifahari na vibanda ambako Waingereza walifumbua ujumbe wa siri wa adui wakati wa Vita Kuu ya Pili. Katika Kibanda namba 8 utaiona ofisi ya Alan Turing, mwanahisabati aliyekuwa mmoja wa wafumbuaji hao. Mimi lakini moyo wangu uko Jengo H, Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta. Pale Colossus, kompyuta ya wakati wa vita ya kufumbua siri za Wajerumani, iliyoundwa upya, inafanya kazi mbele yako: utepe wa karatasi unazunguka kwa kasi, herufi 5,000 kwa sekunde, na valvu, yaani mirija ya kioo ya umeme, zinawaka kama taa. Watoto hawabanduki. Mtu wa Mombasa asikose vibanda vya Bletchley Park, maana kazi kama hiyo ilifanyika hata kwao: mwaka 1942 Waingereza walifumbua ujumbe wa siri wa Wajapani huko Kilindini, Mombasa.