Nyanya za kupanda nyumbani: geuza pakiti kabla hujapenda picha

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena uani kwangu hapa Walukuba, Jinja, Uganda. Leo mezani nina pakiti za mbegu, nina sahani ya nyanya nilizochuma asubuhi, na nina kisu. Swali ni lile mnaloniuliza kila mvua ikikaribia: nipande nyanya gani nyumbani? Majina nitayataja yote, na niipendayo nitaisema bila kuficha. Ila kwanza shika pakiti yako uigeuze mgongo.

Mbele kuna picha tu, na picha za nyanya zote ni nzuri, hakuna kampuni itakayokuchapishia nyanya mbaya. Mambo yako huku nyuma. Sogeza kamera. Hii ni Roma VF. V ni Verticillium, F ni Fusarium, kuvu wawili wanaokaa udongoni na kunyausha mmea. Kwenye pakiti nyingine utakuta N, hiyo ni minyoo fundo, wale wanaoifanya mizizi iwe na vinundu. Ukikuta TYLCV, hivyo ni virusi vinavyokunja majani na kuyatia manjano, vinaletwa na inzi weupe. Kwa hiyo Roma VF inastahimili kuvu wawili. Sawa. Bakteria je? Hawakutajwa. Na ndugu zangu, hapa kwetu kinachomaliza nyanya uani mara nyingi ni mnyauko wa bakteria. Mtu akiambiwa dukani "hii inavumilia mnyauko", analipa anaondoka. Angeuliza: mnyauko upi?

Utaujuaje? Njoo uone huu mche. Majani bado ni ya kijani kabisa, lakini yamelala. Kuvu mara nyingi huanza na umanjano kwenye majani ya chini, tena polepole. Bakteria hana subira, mmea unaanguka ukiwa kijani. Sasa nakata shina hapa, karibu na udongo. Glasi hii ina maji safi. Nalishika shina, ncha iliyokatwa iguse maji, na sitikisi mkono. Subirini kidogo. Mnaona? Hapo, chini ya ncha, uzi mweupe wa maziwa unateremka. Hao ndio bakteria wanatoka kwenye mishipa ya mmea. Ukiuona uzi huo, usiende kununua dawa ya kupuliza, hakuna itakayoutibu mche huo. Ng'oa na mizizi yake, usiutupe kwenye mboji, na kisu ukioshe kabla hujagusa mche mwingine.

Bakteria hao wanabaki udongoni kwa miaka. Na hapa ndipo wengi wetu tunawalisha bila kujua. Nyanya zikifa, mama anapanda nakati, ile mboga ya majani, palepale. Nakati ni ukoo mmoja na nyanya! Ntula nazo, yaani nyanya chungu, biringanya, pilipili, viazi mviringo, wote ndugu. Hapo weka mahindi, weka vitunguu, weka kabichi.

Basi kwa mtu ambaye udongo wake una tabia hiyo na anataka kupanda ardhini, chaguo langu la kwanza ni MT 56. Ni nyanya iliyotoka Chuo Kikuu cha Makerere, na sifa yake kubwa ni kuustahimili mnyauko wa bakteria. Hii hapa. Si kubwa, nawaambia mapema, usije ukaiweka karibu na ya jirani ukaona aibu. Nikiikata... maji yapo, mbegu zipo, ladha ni ya kawaida. Kwenye mchuzi wa binyebwa, yaani wa karanga, hutaona tofauti. Kustahimili si kinga kamili, udongo uliotuama maji utaiangusha hata hii, kwa hiyo inua tuta. Kama duka lako la pembejeo halina, uliza wanaouza mboga karibu nawe wanapanda nini na hainyauki. Jibu lao kwangu lina uzito kuliko bango lolote.

Sasa wale wenzangu wa nyumba za kupanga, mwenye kibaraza na ndoo tu. Nyinyi mna bahati kuliko mnavyojua. Ndoo ya lita 20, au jerikeni iliyokatwa kichwa, toboa matundu chini, jaza udongo ambao haujawahi kuota chochote cha ukoo huu, changanya na samadi iliyooza vizuri, mche mmoja tu kwa ndoo. Umeshakwepa udongo mgonjwa. Hapo unaweza kuchagua kwa ulimi, na ulimi wangu mimi unasema Moneymaker.

Najua, najua. Ni mbegu ya zamani, asili yake Uingereza, huko wanaipanda ndani ya nyumba za vioo. Haina kinga ya maana ya ugonjwa wowote ninaoujua. Mabwana shamba wakiniona wananicheka. Lakini kata hii. Ngozi nyembamba, kisu hakivuti. Ndani mna ute mwingi kuzunguka mbegu, na uchachu uko kwenye ute huo, ndiyo maana anayekamua mbegu zote kabla ya kachumbari ananishangaza. Chumvi, kitunguu, pilipili kidogo, ndimu wala huihitaji. Sokoni huwezi kuipata ikiwa hivi, kwa sababu ngozi hii haifiki salama kwenye boksi la mbao juu ya lori. Nyanya za sokoni huchumwa zikiwa zimeanza tu kubadilika rangi ili zivumilie safari. Hii iliiva kwenye mti mpaka mwisho, na anayeila yuko hatua chache tu kutoka kwenye ndoo.

Kazi yake ni kwamba Moneymaker ni nyanya ndefu, haijui kusimama. Itaendelea kupanda mpaka uichoke. Weka mti imara au kamba kutoka juu ya paa, na haya machipukizi yanayotoka kwapani, kati ya jani na shina, yavunje yakiwa madogo kwa vidole. Roma, Cal J na Rio Grande ni fupi, hufika kimo chao na kuacha, na hizo usizivunjevunje kwapa zake hovyo kwa sababu unavunja mavuno. Watu wanatazama video za nyanya ndefu halafu wanakwenda kuinyoa Roma. Jamani, muacheni maskini.

Kwa rolex je, ile chapati yetu ya kuviringishia mayai? Anayekaanga mayai asubuhi asitumie Moneymaker, yai litajaa maji na chapati italegea. Hapo nataka nyanya yenye nyama, yaani Roma, Rio Grande au Tengeru 97. Nikichagua moja, ni Tengeru 97. Ilitolewa Tanzania mwaka 1997, kwenye kituo cha utafiti cha Tengeru karibu na Arusha, na ngozi yake ngumu inakaa jikoni siku nyingi bila friji. Ladha naipa wastani. Ngozi naipa alama zote, ila kwenye mchuzi utaikuta imejikunja pembeni, mwenye wageni aimenye.

Roma ina jambo moja la kuudhi: kuoza kitako. Geuza hili tunda. Doa jeusi, kavu, limebonyea, chini kabisa. Watu wanapuliza dawa ya ukungu hapa, wanapoteza pesa. Ni kalsiamu haikulifikia tunda, na mara nyingi si kwamba udongo hauna, ni maji yanayokuja leo mengi, kesho hakuna. Mwagilia kwa mpangilio, tandaza nyasi kavu juu ya udongo. Matunda marefu ya umbo la yai, kama haya ya Roma, ndiyo yanayougua zaidi. Hizi ndogo za cheri karibu hazijui ugonjwa huo, zinazaa kwa vichane, na watoto wanazimaliza kabla hazijafika jikoni. Mwenye watoto apande mche mmoja wa cheri, hata asipozipenda yeye.

Chotara sasa, mbegu za kuchanganya wazazi wa aina mbili, zile zilizoandikwa F1. Anna, Assila na wenzao. Mimi sizipingi. Mwenye shamba na mtaji wa kupuliza na kufunga kamba atapata faida yake. Lakini nyumbani, kwa miche mitano, unalipia mavuno ambayo huna pa kuyapeleka. Ningenunua chotara kwa sababu moja tu: nina ugonjwa fulani na herufi zake zimeandikwa kwenye pakiti hiyo. Ukinunua, pakiti iwe imefungwa kiwandani na tarehe isomeke. Zile mbegu za kupimiwa kwenye kikaratasi sizigusi.

Msimu nao una neno. Joto la hapa Jinja halisumbui nyanya, zinazaa mwaka mzima. Kinachosumbua ni majani kulowa. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinaleta bakajani chelewa, madoa ya majimaji kwenye majani, kisha yanakuwa meusi, na hakuna aina hata moja kati ya hizi nilizoonyesha itakayokuokoa peke yake. Mwenye ndoo azisogeze chini ya paa, jua lifike ila mvua isipige majani, na maji yamwagwe kwenye udongo. Wakulima wanapuliza kweli kweli msimu huo. Ule unga mweupe unaouona kwenye nyanya za sokoni mara nyingi ni masalia ya dawa ya ukungu, zioshe kabla ya kula.

La mwisho ni mbegu. Za chotara usizitunze, watoto hawatafanana na mama. MT 56, Moneymaker, Roma na Tengeru tunza. Chagua tunda la mche uliokaa mzima mpaka mwisho, kamua mbegu na ute wake kwenye kikombe, acha siku mbili au tatu mpaka ule ute uchachuke na kuachia, osha, halafu anika kivulini kwenye sahani. Kwenye karatasi zitaganda na utazing'oa na karatasi yake. Hizi za Moneymaker hapa tayari zimekauka. Majirani zangu wa Walukuba, anayetaka aje na bahasha yake, bahasha mimi sina.