Mafunzo ya usalama wa mitandao, ofisini kwetu Mombasa Road: nyota 4 kati ya 5

Mimi ni mhasibu katika kampuni ya uwakala wa forodha. Vita vya Ukraine nilivisikia kwenye taarifa ya habari tu, hadi mkufunzi alipotueleza ya Juni 2017: kirusi cha kompyuta kiitwacho NotPetya kilipenyezwa kupitia masasisho ya programu ya uhasibu iliyotumika Ukraine, kikafika hadi Maersk, kampuni kubwa ya meli za mizigo, na kukwamisha mizigo bandarini. Programu ya uhasibu, jamani! Kazi yangu hasa.

Kisha akagusia Julai 2023, kundi la wadukuzi la Anonymous Sudan liliposhambulia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya.

Kilichonigusa zaidi ni zoezi. Alichomoa waya wa intaneti, akaniambia, "Dada, endelea na kazi." Nikaandika ankara kwa mkono, kalamu ikitetemeka. Sasa nambari za dharura zimebandikwa ukutani.

Pia aliwasihi wakubwa wasimwadhibu anayekiri kubonyeza kiungo kibaya, na wamwajiri msaidizi wa kijana wetu wa kompyuta, anayeamshwa usiku kila mara. Macho yake mekundu tumeyazoea vibaya.

Nyota moja nimeipunguza kwa sababu wenzetu wa zamu ya usiku hawakupangiwa kipindi. Warudi kwa ajili yao.