Arki, Mafuta au Majani: Kipi Kinaipa Brauni Mnanaa wa Kiasi?

Kati ya vitu vitatu ambavyo mpishi wa nyumbani anaweza kuvitumia kuipa brauni (keki nzito ya chokoleti) ladha ya mnanaa, yaani arki ya chupa (ladha ya mnanaa iliyoyeyushwa, kwa kawaida katika alkoholi), mafuta halisi ya mnanaa na majani mabichi, ninachokipendekeza ni arki, kwa sharti moja tu: sehemu yake kubwa isiingie kwenye oveni. Ninataja sharti hilo mapema kwa sababu lawama nyingi zinazotupiwa bidhaa hizi hazitokani na ubovu wake, bali na kiasi kilichotiwa na mahali kilipotiwa. Brauni iliyozidiwa na mnanaa humfanya mlaji afikirie dawa ya meno, na hata chokoleti ya bei kubwa haiwezi kumtoa katika fikra hiyo. Iliyopungukiwa nayo humwacha akitafuta kile alichoahidiwa.

Kabla ya kununua, yafaa kusoma maandishi ya chupa kwa makini. Arki inayouzwa kwa jina la jumla la mnanaa mara nyingi ni mchanganyiko wa pepaminti na spiaminti, ambazo ni aina mbili za mnanaa, ilhali ile iliyoandikwa pepaminti peke yake hutokana na mmea uitwao kitaalamu Mentha × piperita, ambao ni chotara wa spiaminti na mnanaa wa majini. Tofauti hiyo huonekana mdomoni mara moja. Pepaminti ina mentholi kwa wingi, na mentholi huamsha kipokezi cha neva kinachoitwa TRPM8, ambacho ndicho hicho hicho kinachoupa mwili habari za baridi. Ndiyo maana ulimi huhisi ubaridi hata kama brauni ingali na uvuguvugu. Spiaminti ina mentholi kidogo mno, na harufu yake hubebwa zaidi na kiambato kingine cha mafuta yake kiitwacho kavoni, ambayo ina utamu na ukijani fulani unaopendeza katika chai na saladi. Penye kakao chungu, mimi huiona kavoni ikikaa kando kama mgeni asiyejuana na mtu, wakati ubaridi wa mentholi hukata uzito wa siagi na sukari na kuiacha ladha ya chokoleti ikiwa safi. Kwa hiyo, kwa brauni, chagua chupa ya pepaminti.

Orodha ya viambato nayo ina la kusema. Arki nzuri huwa na mafuta ya pepaminti, alkoholi na pengine maji, basi. Zile za bei nafuu zinazotumia ladha ya kutengenezwa hutoa ubaridi wa kutosha, lakini mara nyingi ubaridi huo huja peke yake, bila ule uvumba wa majani unaofuatia, na brauni hubaki na ladha yenye ncha kali isiyo na kina. Asiyetumia alkoholi anaweza kutafuta arki iliyotengenezwa kwa gliserini au kutumia mafuta, ambayo nitayaeleza hapa chini.

Sasa tuje kwenye kipimo, ambako ndiko chupa nyingi zinakohukumiwa bila haki. Kwa trei ya mraba yenye upande wa sentimita 20, inayobeba takriban gramu 115 za siagi, gramu 200 za sukari na mayai mawili, jumla ya nusu kijiko cha chai cha arki ya pepaminti, yaani mililita 2.5, ndicho kiwango ninachokiona kuwa cha kuanzia, na kijiko kimoja kizima ndicho ukomo ambao sioni sababu ya kuuvuka. Kijiko ninachokizungumzia ni kile cha kupimia chenye mililita 5, kwa kuwa vijiko vya kukorogea chai hutofautiana sana, na tofauti isiyoonekana katika sukari huonekana vizuri sana katika mnanaa. Mtu aliyezoea kumimina arki ya vanila kwa kukadiria na jicho anapaswa kuuacha mkono huo nje ya jiko siku ya brauni za mnanaa, kwa sababu vanila husamehe ikizidi kidogo, na pepaminti haisamehi.

Hapa nina kasoro ya kuitaja kuhusu bidhaa yenyewe. Chupa nyingi za arki zina mdomo mpana usio na kidondoshi, kiasi kwamba ukiinamisha chupa kidogo tu, kimiminika hutoka kwa mkupuo, hujaza kijiko na kufurika. Kwa sababu hiyo, kijiko kisishikwe juu ya bakuli lenye rojo la brauni; kishikwe juu ya kikombe kikavu pembeni, ili kinachomwagika kirudishwe kwenye chupa. Chupa yenye kidondoshi, hata ikiwa ndogo na ya bei ya juu kidogo, ina thamani kubwa zaidi kuliko ile kubwa yenye mdomo wazi, kwa kuwa brauni za mnanaa huharibika au kufana kwa tofauti ya matone machache.

Jambo linaloleta mkanganyiko zaidi ni oveni. Mafuta ya mnanaa hupatikana viwandani kwa kukeneka majani kwa mvuke: mvuke hupita katikati ya majani, hubeba mafuta, kisha hupozwa ili mafuta yatengane na maji. Brauni inapookwa kwa nyuzijoto 175, maji yaliyomo kwenye siagi na mayai hugeuka mvuke na kutoka, nayo huondoka na sehemu ya mafuta hayo kwa njia ile ile. Alkoholi, ambayo huchemka kwenye nyuzijoto 78, hutangulia kutoka. Harufu nzuri inayojaa nyumba nzima wakati wa kuoka ni mnanaa uliolipiwa fedha ukienda zake. Hasara hiyo haina kipimo kimoja, kwa sababu trei pana yenye rojo jembamba hupoteza zaidi kuliko trei ndogo yenye rojo nene, na dakika tano za ziada ndani ya oveni hubadilisha hesabu yote. Ndiyo maana anayetia arki yote kwenye rojo hupata trei moja iliyo kali na nyingine iliyofifia, ingawa amefuata kipimo kile kile.

Kuna tatizo jingine linaloifanya njia hiyo iwe ya kubahatisha, nalo ni kwamba rojo haliwezi kuonjwa. Lina mayai mabichi na unga mbichi, ambavyo vyote si salama kuliwa kabla ya kupikwa. Mpishi hubaki na pua yake, na pua katika jambo hili si shahidi wa kutegemewa: alkoholi huirusha harufu juu ya bakuli hata arki ionekane kali kuliko ilivyo, kisha baada ya dakika chache pua huchoka, na aliyeinama juu ya bakuli huanza kuamini kwamba ladha imepungua na kuongeza tena.

Kwa hiyo utaratibu ninaoupendelea ni kutia robo kijiko tu cha arki ndani ya rojo, ili brauni yenyewe iwe na harufu ya chini chini, na kuipeleka robo iliyobaki kwenye tabaka la juu, lisiloingia ovenini na lisilo na yai, ambalo linaweza kuonjwa mpaka liridhishe. Tabaka hilo laweza kuwa la siagi laini iliyopigwa pamoja na sukari ya unga na maziwa kidogo, kisha likafunikwa na chokoleti. Au laweza kuwa ganashi ya chokoleti na krimu. Kwa upande wangu ganashi inashinda, kwa kuwa haiongezi utamu juu ya utamu, na siagi ya kakao iliyomo ndani ya chokoleti huyeyuka kwenye nyuzijoto zinazokaribia 34, chini kidogo ya joto la mwili, hivyo huuachilia mnanaa pole pole ulimini badala ya kuumwaga wote kwa pamoja. Arki itiwe ganashi ikiwa imepoa na kubaki vuguvugu, si wakati krimu ingali inatoa moshi.

Namna ya kuonja nayo ina adabu yake. Tia matone machache, koroga mpaka yasambae, subiri dakika moja au mbili, kisha onja kwa kupaka kidogo kwenye ukingo wa brauni iliyopoa. Usionje siagi na sukari peke yake kwa kijiko, kwa sababu pasipo kakao mnanaa huonekana mkali kuliko utakavyokuwa kwenye sahani, na utaishia kutia kidogo mno. Kipimo changu cha mafanikio ni hiki: chokoleti ifike kwanza, mnanaa uje baada ya kutafuna mara mbili tatu, na ubaridi ubaki kidogo baada ya kumeza. Mnanaa ukitangulia kabla ya chokoleti, umezidi. Rangi ya kijani si ya lazima, na tena hudanganya, kwani tabaka la kijani kibichi humfanya mtu ategemee ukali ambao hauna haja ya kuwapo.

Arki ina mahali pamoja ambapo haifai kabisa, napo ni kwenye chokoleti tupu iliyoyeyushwa bila krimu wala siagi. Majimaji kidogo yanayokuja na arki yanatosha kuifanya chokoleti ishikane ghafla na kuwa donge la chengachenga lisilopakika. Hapo mafuta ya mnanaa ndiyo yenye kazi yake, kwa kuwa hayana maji na huungana vizuri na mafuta ya kakao. Lakini mafuta haya hayafai kupimwa kwa kijiko. Nguvu yake ni mara kadhaa ya ile ya arki, na tone huwa kubwa au dogo kutegemea kidondoshi, ambacho nacho kina tabia ya kuachia matone mawili palipohitajika moja. Wenye hekima huchovya ncha ya kijiti cha meno ndani ya chupa na kukikorogea kwenye chokoleti, kisha huonja kabla ya kuchovya kingine. Ni lazima pia chupa iandikwe waziwazi kwamba ni ya chakula. Mafuta ya kuchulia mwili au ya kufukizia hayapaswi kukaribia brauni, hata yawe na harufu ile ile.

Majani mabichi nitayasemea kwa ufupi, maana ninayapenda kuliko ninavyoyaamini. Yanayopatikana kwa urahisi bustanini na sokoni huwa mara nyingi ni ya jamii ya spiaminti, hivyo hutoa harufu ya bustani pasipo ubaridi mwingi. Yakikatwakatwa na kutiwa kwenye rojo huwa meusi na kubaki kama nyuzi kati ya meno. Yakilowekwa kwa nusu saa ndani ya krimu ya moto ya ganashi, kisha yakachujwa na kukamuliwa, hutoa ladha tulivu inayowafaa wale wasiopenda ubaridi wa mentholi, ingawa hakuna mafungu mawili ya majani yenye nguvu sawa. Peremende za chokoleti zenye mnanaa ndani, zikipangwa juu ya brauni mara inapotoka ovenini na kusambazwa kwa kisu zikishalainika, ni njia rahisi kuliko zote na haina la kupimwa. Utamu wake tu ndio unaozidi.

Brauni zilizotengenezwa kwa arki zihukumiwe siku ya pili, baada ya ladha ya tabaka la juu kushuka na kuenea. Zifunikwe vizuri na zikae peke yake, kwa sababu harufu ya pepaminti huhamia kwenye siagi, biskuti na keki zilizo jirani ndani ya jokofu. Na kwa wale wasiopenda tabaka lolote juu ya brauni zao, arki hii bado inatumika: robo tatu ya kijiko ndani ya rojo la trei ya sentimita 20, itiwe mwisho pamoja na unga, na trei itolewe ovenini pale kijiti kilichochomwa ndani ya brauni kinapotoka na chembe zenye unyevu. Hapo mnanaa utatofautiana kidogo kutoka trei moja hadi nyingine.