Magari ya zamani ya bei nafuu Nakuru na magharibi: lipi ununue kabla bei haijakimbia

Zamani Peugeot 504 iliyokufa ilikuwa kitu cha kuomba. Mwenye boma alitaka tu iondoke, maana kuku walikuwa wamehamia ndani na mama wa nyumba amechoka kuokota mayai chini ya usukani. Siku hizi mwenye boma huyo huyo, awe Njoro au Butere, hataji bei kabla ya kutoa simu. Anakuonyesha tangazo la gari kama lake lililopakwa rangi upya huko Nairobi, kisha anaitisha bei ya hilo kwa hili lake lisilo na injini.

Wala hajapotoka sana. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingizwa nchini, kwa hivyo hakuna meli itakayotuletea Datsun ya 1978 kuziba pengo. Tulizo nazo ndizo hizo hizo, na zinapungua: nyingine zimekatwa vipande na kuuzwa kwa kilo kama vyuma chakavu, nyingine zimebebwa hadi Nairobi. Wakati huohuo magari ya mtumba kutoka Japani yamekuwa mzigo. Mwaka 2023 ushuru wa kuyaingiza ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35, na mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika shilingi 160. Shilingi imepata nguvu tangu hapo, ila bei za yadi hazina haraka ya kushuka. Mtu aliyekuwa akitafuta Toyota Vitz ya mtumba ameanza kuliangalia gari la babu yake kwa jicho jingine.

Nimeyapanga magari haya kwa kipimo cha mtu wa huku. Je, fundi wa Kibuye pale Kisumu au wa jua kali Nakuru atalitengeneza bila kuagiza kitu ng'ambo? Na bei yake bado iko ndani ya mfuko wa mwalimu? Sura nimeipa alama chache. Injini nayo sikuihesabu sana, kwa kuwa injini hununuliwa, hufunguliwa, hata hubadilishwa. Bodi iliyooza na logbuku (cheti cha umiliki) isiyopatikana ndivyo humaliza watu.

1. Peugeot 504

Sioni la kushindana nayo. Ilitoka Ufaransa mwaka 1968, baadaye ikawa inaunganishwa hapa kwetu, na kazi hiyo iliendelea miaka mingi baada ya Wafaransa wenyewe kuiacha. Ndiyo maana fundi yeyote mwenye mvi anaijua, na spea zake bado zinapatikana, mpya au za kuchomolewa. Waliosafiri zamani wanaikumbuka ile ya steseni wagoni, viti safu tatu, ikipakia abiria saba kati ya Nairobi, Nakuru na Kisumu. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978. Springi zake ndefu na laini, zilizoivusha kwenye matope ya rali, ndizo zinazokuvusha leo kwenye barabara ya kwenda kwa mama mkwe.

Fundi anaipenda kwa sababu silinda zake ni laina, yaani mirija ya chuma, zinazochomoka. Zikilika, unanunua laina na pistoni mpya, unazitia, bila kupeleka bloku kuchongwa. Ubaya wake umetoka hapo hapo. Laina hizo zimezungukwa na maji moja kwa moja, na kichwa cha injini ni cha aluminiamu. Ikichemka mara mbili tatu, gasketi inakwisha na maji yanaingia kwenye oili. Kwa hivyo kabla ya kusalimiana na usukani, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, shusha bei sana au rudi nyumbani.

Saluni ndiyo nafuu kuliko zote. Pikapu bado iko kazini, inabeba viazi na maziwa, hivyo mwenyewe haiachi kirahisi, na akiiachilia ujue imechoka kweli. Steseni wagoni yenye viti vyake vyote ni adimu kwa sababu nyingi zilifia kwenye kazi ya abiria. Ukiipata nzima, usiage kwamba unaenda kufikiria. Tafuta kutu kwenye vizingiti chini ya milango, na ndani ya boneti pale shokamzoba za mbele zinapofungwa.

Kuna wanaotaka 404 badala yake. Ni nzuri zaidi kwa macho, na ilishinda Safari mara nne kati ya 1963 na 1968, lakini vioo, taa na bampa zake vimeadimika. Inunue ikiwa kamili tu. Ile ya "vitu vichache havipo" iachie mwingine.

2. Toyota Corolla DX

Hili ndilo gari ambalo bei yake haijaamka. Watu bado wanaliona kama gari kuukuu la mwalimu mkuu mstaafu, si gari la kuringia, na hapo ndipo faida yako ilipo. Muundo wake wa KE70, ulioanza mwaka 1979, una injini ya 4K ya cc 1290, karbureta moja, mnyororo badala ya mkanda wa taimingi, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini za jamii hiyo ya K ziliwekwa pia kwenye LiteAce, kwa hivyo duka la spea la Kondele au Kakamega halitakutazama kama mgeni. Kutu yake hukaa juu ya magurudumu ya nyuma na kwenye mlango wa nyuma wa wagoni. Zaidi ya hapo, sina la kulilaumu. Ukiniuliza lipi litapanda bei kwa kishindo miaka michache ijayo, nitakutajia hili kabla ya yote.

3. Mercedes W123

Iliyotengenezwa kati ya 1976 na 1985, ya mawaziri na wenye mashamba makubwa. Hapa chagua kwa makini injini, kinyume na nilivyosema juu. Chukua 200 ya karbureta au 240D ya dizeli. 230E inatumia mfumo wa Bosch wa kunyunyiza petroli ambao mafundi wachache wanauelewa, na wengine hawakubali kwamba hawauelewi. 240D ni nzito kupanda mlima, utapitwa na malori ya miwa, lakini inadumu. Ukiizima kwa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma, usishtuke: mfumo wa kuizima hutumia mvuto wa hewa, na kuna kipira kimetoboka mahali. Ni tatizo dogo ambalo muuzaji asiyejua atakupunguzia pesa nyingi kwa ajili yake.

Angalia matundu ya kuwekea jeki na chini ya kioo cha nyuma. Kutu ikiwa imekula hapo, sehemu nyingine usiiangalie.

4. Volkswagen Beetle

Najua hapa nitatukanwa. Beetle ndiyo kila mtu anayoitaka, na hiyo ndiyo sababu nimeishusha. Bei yake imeshapanda, hasa zilizopakwa rangi mbili na kuwekewa viti vipya vya ngozi bandia ili zipeleke bibi harusi kanisani. Unalipia rangi. Chini yake ni kitu kingine.

Kwa sifa, haina mpinzani. Haina rediaeta, haina maji, inapoozwa na hewa, na mwaka 1962 ilishinda Safari ikiwa na injini ya 1200. Lakini nenda nayo polepole kwenye ukaguzi. Inua kiti cha nyuma, maana betri iko hapo chini, na asidi ya betri pamoja na mvua za Kakamega hutoboa sakafu mpaka ukaiona lami. Piga kwa vidole zile mbavu za chini ya milango, ambazo ndizo uti wa mgongo wa bodi. Kisha nenda nyuma, injini ikiwa imezimwa, shika puli kubwa ya chini kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma. Ukisikia inagonga mbele na nyuma, injini hiyo imechakaa ndani, na kuifungua hakutakuwa rahisi. Mwisho, badilisha mpira wa petroli siku hiyo hiyo unayoinunua. Unapita juu ya injini ya moto, na Beetle nyingi zimeteketea kwa sababu ya mpira wa bei ya soda.

Mkanda wa feni ukikatika, simama hapo hapo. Hakuna cha "nifike tu Ahero".

5. Land Rover Series III

Bodi yake ni aluminiamu, haishiki kutu, na hilo limewadanganya wengi. Chesisi ni chuma, na chuma hicho huoza kutoka ndani. Lala chini na nyundo ndogo, gonga nguzo ya nyuma kabisa na mahali springi za nyuma zinapofungwa. Sauti ikiwa ya bati, achana nayo. Injini ya petroli ya cc 2286 inakunywa bila aibu, ndiyo maana nyingi zimetiwa injini za dizeli za Kijapani. Hilo si kosa, mradi namba ya injini iliyomo iwe ndiyo iliyoandikwa kwenye rekodi.

Land Cruiser FJ40 na Datsun 1600 SSS sijaziweka. FJ40 nzuri ilivuka milioni moja zamani, na SSS, mshindi wa Safari ya 1970, inatafutwa na watu wenye pesa kuliko mimi na wewe.

Makaratasi kabla ya moyo

Magari mengi ya namna hii huku kwetu ni ya marehemu. Mzee alifariki, gari likabaki chini ya mwembe, na sasa kijana wa mwisho amekuja mjini na picha. Mpokee vizuri, lakini muulize swali moja: nani ana barua ya mahakama ya kusimamia mali ya mzee? Barua ya chifu haitoshi. Hiyo ni ya kuanzishia kesi ya urithi tu, haiuzi gari. Bila msimamizi aliyeidhinishwa na korti, hakuna anayeweza kulihamisha kutoka jina la marehemu, na utakuwa umenunua bustani ya maua yenye magurudumu. Zungumza na mama wa boma pia, na ikiwa mzee alikuwa na nyumba mbili, nyumba zote mbili zijue. Nimeona gari likifuatwa hadi gereji na mjomba ambaye siku ya kuuza hakuwa ameitwa.

Kwa gari ambalo mwenyewe yuko hai, fanya upekuzi wa rekodi kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen kabla ya kulipa hata deposit. Namba isiyoonekana kwenye mfumo, au inayoonyesha jina la benki au la kampuni iliyofungwa, ni kazi ya muuzaji kuirekebisha, na airekebishe kabla ya pesa yako kutoka. Namba ya gari isiyo na herufi mwishoni ina maana lilisajiliwa kabla ya 1989. Wanunuzi wa magari ya kale huipenda, kwa hivyo usikubali mtu akubadilishie usajili.

Siku ya kulijaribu

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha mengi. Beba sumaku ndogo, uifunge kitambaa, uipitishe kwenye bodi. Isiposhika, kuna fila nene, ile lipu ya kuzibia mashimo, chini ya rangi. (Kwa Land Rover sumaku haina kazi, nimeshasema kwa nini.) Kisha lipandishe mlima. Kutoka Kisumu, nenda hadi Kiboswa na usimame juu ukiangalia kipimo cha joto. Kutoka Nakuru, elekea Mau Summit. Breki lakini zijaribu kwanza uwanjani. Mteremko wa Salgaa si mahali pa kugundua kwamba pedali inazama.

Bima weka akilini mapema. Kampuni nyingi hazitoi bima kamili kwa gari la umri huu, kwa hivyo utabaki na ile ya kulipa madhara ya watu wengine, na gari likiibwa hasara ni yako peke yako.

Ukiwa wewe ndiye unayeuza

Usilipake rangi. Mnunuzi anayejua atafikiri unaficha kitu, na asiyejua hatakulipa gharama ya rangi. Tumia pesa hiyo kutafuta vipande: vifuniko vya magurudumu, nembo, kioo cha taa, raba ya kioo cha mbele. Gari kamili lisilotembea huuzwa vizuri kuliko linalotembea bila nusu ya vitu vyake. Piga picha za kutu bila haya. Epuka Januari, wakati kila mtu anatafuta karo na madalali wanajua. Subiri Desemba, watoto wa Nairobi wakirudi nyumbani na kumbukumbu zao. (Mnunuzi, geuza ushauri huu.)

Dalali akikuletea mteja, kubalianeni ujira wake kabla mteja hajafika, na bei aitaje mwenye gari, si yeye. Pesa zikishaingia, anzisha uhamisho kwenye akaunti yako ya eCitizen mkiwa bado mmeketi, mnunuzi aukubali upande wake, ndipo umpe funguo. Gari likigonga mtu kesho likiwa bado kwa jina lako, wewe ndiye polisi watakayemtafuta. Mpe pia jeki, funguo ya ziada na kile kibati cha nati ambazo hujui zilitoka wapi, maana moja kati ya hizo ataihitaji kabla hajafika Maseno.