Gesti za Bei Nafuu kwa Wazazi Wanaokuja Vyuoni Unguja na Pemba: Mitaa Gani Inafaa na Gani Haifai

Mzazi anayetoka Tanga, Mtwara, Dar es Salaam au Pemba kuja Unguja kumtazama mtoto chuoni, jambo la kwanza analouliza ni gesti ipi rahisi. Kabla ya hilo, aulize mtoto yuko kampasi gani. Ukisema tu "anasoma SUZA", hujamwambia dereva kitu. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kina kampasi kuu Tunguu, kina Vuga mjini, kina Mbweni kwa masomo ya afya, kina Beit el Ras, kina Maruhubi kwa utalii, na kina Pemba. Zanzibar University nayo iko Tunguu. SUMAIT, chuo kikuu kingine, iko Chukwani. Tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India, lililofunguliwa mwaka 2023 liko Bweleo, njia ya Fumba. Gesti iliyo karibu na Vuga iko mbali na Tunguu, na ya Bububu haimfai kabisa anayekwenda Chukwani.

Kwa hiyo tathmini hii imepangwa kwa mitaa, maana mtaa ndio unaoamua gharama zako zote. Bei ya chumba ni sehemu tu ya hesabu.

Tunguu

Hapa ndipo wazazi wengi wanapokwenda na ndipo wanapokosea zaidi. Tunguu ni shamba, yaani nje ya mji, kilomita 15 na ushei kutoka bandarini Malindi. Vyuo viwili vikubwa vipo hapo, lakini sehemu za kulala zinazopokea familia ni chache, na siku za mahafali au za kuripoti wanafunzi wapya hujaa mapema. Dakhalia, yaani mabweni, ni za wanafunzi, kwa hiyo mzazi asije na tamaa ya kulala humo hata usiku mmoja.

Familia nyingi hushuka botini na kulala Mji Mkongwe kwa kuwa ni karibu na bandari. Tuchukue mfano wa hesabu, watu watatu, siku mbili. Chumba cha Malindi tuseme ni shilingi 40,000 kwa usiku, na teksi ya kwenda Tunguu na kurudi ni 60,000 kwa siku. Jumla ni 200,000. Chumba cha upande wa Fuoni au Mwanakwerekwe tuseme ni 45,000. Ongeza teksi ya mizigo kutoka bandarini 25,000 na ya kurudi 25,000, kisha daladala za kwenda na kurudi Tunguu kwa watu watatu, tuweke 12,000 kwa siku zote mbili. Jumla ni 152,000. Bei zitabadilika, lakini utaratibu wa hesabu ni huo huo: chumba kilichoonekana ghali kwa elfu tano ndicho kilichookoa karibu elfu hamsini.

Hukumu yetu ni kwamba kwa Tunguu, mtu alale ukanda wa Mwanakwerekwe, Fuoni, Amani au Mombasa (mtaa wa hapa Unguja, siyo mji wa Kenya), asilale Mji Mkongwe. Mwanakwerekwe kuna soko, maduka ya dawa, vyakula vya bei ya wenyeji na gari za kila upande. Gari za shamba za njia ya kusini, kama 309 ya Jambiani na 310 ya Makunduchi, hupita Tunguu, kwa hiyo huna haja ya kusubiri gari inayoishia hapo hapo. Mwambie kondakta chuo kwa jina lake kamili, maana vyuo ni viwili na vituo vyake si kimoja.

Tatizo ni la kurudi. Gari za shamba hupungua sana jua likizama. Mahafali yakimalizika jioni, watu wote hutoka kwa pamoja na madereva wa teksi wanalijua hilo vizuri. Patana na dereva tangu asubuhi, mkubaliane bei na saa ya kuchukuliwa, umlipe mkifika nyumbani.

Paje na Jambiani ziko kwenye njia hiyo hiyo, na kuna wanaoshawishika kulala huko kwa ajili ya pwani. Kwa msimu wa mvua za masika, Machi hadi Mei, inawezekana kupata bei nzuri. Julai hadi Oktoba na kuanzia Disemba ni bei za watalii, na asubuhi una safari ndefu kuliko ya kutoka mjini.

Mji Mkongwe na Vuga

Kwa kampasi ya Vuga, Mji Mkongwe unafaa kweli: unatembea kwa miguu. Mkunazini kuna St. Monica's Lodge, ya Kanisa la Anglikana, iliyo ubavuni mwa kanisa kuu lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Ni pahala pa heshima, panafahamika, na dereva yeyote anapajua. Mitaa ya Malindi, Kiponda na Mkunazini ina nyumba nyingine nyingi za wageni za aina hiyo, kubwa kwa ndogo.

Lakini nyumba za mji ni nyumba za zamani, na hilo lina maana mbili kwa mzee. Kwanza, gari haingii vichochoroni. Teksi itakushusha Darajani, Mkunazini au Malindi, na kutoka hapo ni kubeba begi mkononi juu ya mawe. Pili, ngazi. Nyingi ni nyembamba na zimesimama wima, vipandio vyake havilingani urefu, na pengine pa kushikia ni kamba tu. Mama mwenye magoti mabovu atapanda mara moja, ya pili atakataa kushuka kula. Unapopiga simu usiulize tu kama kuna chumba. Sema wazi: nataka chumba cha chini, ngazi ngapi kutoka mlangoni hadi kitandani? Wakisita kujibu, tafuta kwengine.

Jambo jingine ni papasi wa bandarini, wale wanaowapeleka wageni gesti ili walipwe kamisheni. Ukimfuata mtu aliyekushika begi ukishuka botini, kamisheni yake itaingizwa kwenye bei yako ya chumba, hata kama hukumlipa yeye senti. Uwe na jina la gesti na namba ya mapokezi kabla ya boti kufunga gati, na useme kwa upole kwamba unapokelewa.

Bei za mji zinapanda Februari wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara na katikati ya mwaka wakati wa tamasha la filamu. Karibu na Januari 12, sikukuu ya Mapinduzi, boti hujaa. Ukiweza kuchagua wiki, zikwepe hizo.

Asiyetaka ngazi wala vichochoro, lakini anataka Vuga, atazame Kikwajuni, Michenzani na Mlandege. Hapana uzuri wa milango ya kuchonga, lakini gari inafika mlangoni na chakula ni rahisi.

Chukwani, Mbweni, Bweleo

Upande huu una nafuu moja: uwanja wa ndege uko hapo hapo. Kwa Mbweni, iwe ni skuli ya afya ya SUZA au Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia, na kwa SUMAIT ya Chukwani, lala Kiembesamaki, Mombasa au Mazizini. Gari 505 ya uwanja wa ndege hupita Kiembesamaki. Mazizini ni kutulivu zaidi na ghali kidogo. Bweleo ni mbali, na daladala si nyingi, na nyumba za kukodi za Fumba ni za hadhi ya juu. Kwa siku moja au mbili, Kiembesamaki na teksi ya kupatana inatosha.

Huku ndiko kwenye nyumba nyingi za kukodi kwa siku zenye jiko, ambazo kwa familia ya watu watano huwa rahisi kuliko vyumba viwili vya gesti. Uliza jambo moja kabla hujakubali: umeme ni wa nani? Nyumba nyingi zina mita ya TUKUZA, ya umeme wa kulipia kabla, na baadhi ya wenye nyumba humwachia mgeni anunue uniti mwenyewe. Ukiwasha kiyoyozi usiku kucha, bei uliyoisifu inakuwa si ile tena. Ukifika, piga picha ya uniti zilizobaki kwenye mita mbele ya mwenye nyumba.

Beit el Ras, Maruhubi, Bububu

Hapa hakuna shida kubwa. Gari 502 ya Bububu inapita njia hiyo, gesti zipo, pwani ipo. Maruhubi ni karibu na mji kiasi kwamba hata Malindi inafaa.

Kukikagua chumba

Usilipe kabla hujaingia, na ukiingia usikae kitandani kwanza. Nenda bafuni. Fungua bomba la juu, siyo la chini, ulisubiri dakika moja. Sehemu nyingi za Unguja zinatumia visima, na karibu na pwani maji huwa ya chumvi: sabuni haitoi povu, nywele zinakuwa ngumu, na mtoto mwenye ngozi laini anajikuna usiku. Kisha uliza tangi liko wapi. Maji yakitegemea pampu peke yake, umeme ukikatika na maji yanakatika. Tangi likiwa juu ya paa, utaoga kwa saa kadhaa bila umeme. Umeme wa Unguja unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na hitilafu zikitokea hazichagui mtaa, kwa hiyo suala hili ni la kila gesti, nzuri na mbaya.

Rudi chumbani. Tandaza chandarua chote uone matundu na uone kama kinafika chini ya godoro pande zote. Vingi vimekatwa kwa kitanda cha futi nne na vimewekwa juu ya cha futi sita. Washa feni hadi namba ya mwisho uisikilize. Funga mlango kwa komeo la ndani. Fungua dirisha utazame linaelekea wapi: jenereta la jirani chini ya dirisha litakunyima usingizi.

Tazama pia aina ya wageni. Gesti inayokodisha kwa saa utaijua kwa bango la bei mbili na shuka zinazobadilishwa mchana kutwa. Hata ikiwa safi, si pahala pa kumpeleka mama mzee na watoto.

Kuweka nafasi kwa simu

Uliza haya kwa mpangilio huu: bei ni kwa chumba au kwa mtu, chai ya asubuhi imo au haimo, kodi na tozo zimo au zitaongezwa mwishoni, godoro la ziada ni kiasi gani, chumba kinarudishwa saa ngapi. Kisha omba bei ya Mtanzania. Sehemu nyingi zina bei mbili, ya mgeni wa nje na ya mwananchi, na usipoomba utatajiwa ile ya kwanza. Taka itajwe kwa shilingi.

Omba video fupi ya chumba chenyewe, siyo picha, ikionesha bomba likitoa maji. Picha zinazotumwa mara nyingi ni za chumba kizuri kuliko vyote. Ukituma kianzio kwa simu, tuma cha usiku mmoja tu, na uhakikishe jina linalotokea kabla ya kuthibitisha ni la mtu uliyeambiwa. Ujumbe wa muamala uuhifadhi hadi siku ya kuondoka.

Kila mtu mzima awe na kitambulisho, NIDA au Zan ID, kwa sababu daftari la wageni hujazwa namba. Baba akija na binti yake mkubwa, au kaka na dada, wanaweza kuulizwa uhusiano wao, na mke na mume wanaweza kutakiwa cheti cha ndoa. Mapokezi wanalinda leseni na heshima ya nyumba. Kitambulisho cha chuo cha binti na majina yanayofanana hulimaliza jambo hilo pale pale.

Mwezi wa Ramadhani mikahawa mingi hufungwa mchana. Mwenye mgonjwa wa sukari au mtoto mdogo achague nyumba yenye jiko, au apatane na gesti mapema juu ya chakula cha chumbani. Uliza pia kama chai ya asubuhi inageuzwa kuwa daku, maana kwa mfungaji ndiyo inayomfaa.

Chumba kikirudishwa saa nne asubuhi na boti yako ni ya mchana, kubaliana tangu jana yake wakuwekee mizigo. Gesti nzuri hazidai pesa kwa hilo.

Pemba

Kampasi ya SUZA ya Benjamin Mkapa iko Mchangamdogo, wilaya ya Wete. Chake Chake ndiko kwenye gesti na hoteli nyingi zaidi, na uwanja wa ndege uko upande huo, lakini kwa ukaribu na chuo Wete inashinda. Ni mji mdogo, mtulivu, na mwenye gesti mara nyingi ndiye anayepokea simu. Maji na umeme kagua vile vile.

Boti ikifunga Mkoani, umefika kusini kabisa na Wete iko kaskazini: ni kukivuka kisiwa karibu chote. Daladala huwa zinasubiri abiria wa boti kisha huondoka, na anayechelewa kwa kutafuta mizigo hubaki na teksi tu. Mmoja wenu atangulie kushika viti, mwengine abaki na mabegi. Chakula cha usiku kiagizeni gesti kwa simu mkiwa bado njiani, kwa kuwa Wete hufunga mapema.