Kutoka KIA hadi Arusha mjini: kiti kipi ukilipie

Kabla hatujafika kwenye magari, toa tiketi yako uisome upya. Ukiona herufi ARK, unatua Kisongo, kwenye uwanja wa Arusha wenyewe, na mjini ni kilomita kama 10. Teksi ya kawaida au daladala ya barabarani inatosha, wala huna haja ya kuendelea kusoma. Ukiona JRO, unatua KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. KIA iko wilaya ya Hai, mkoa wa Kilimanjaro, na kutoka hapo mpaka Mnara wa Saa pale Arusha ni karibu kilomita 50. Mwaka juzi nilikaa KIA zaidi ya saa nzima nikimsubiri binamu yangu, kumbe naye yuko Kisongo ananisubiri mimi. Wote wawili tuliambiwa "ndege ya Arusha".

Uwanja wa KIA ulifunguliwa mwaka 1971, ukawekwa nyikani katikati ya Moshi na Arusha ili uhudumie miji yote miwili, pamoja na wageni wa mlimani na wa mbugani. Ndiyo maana hauna mji jirani. Kutoka mlango wa abiria mpaka barabara kuu ya Moshi–Arusha ni kama kilomita 6, barabara imenyooka, nyasi kushoto na kulia, na Coaster za abiria hupita huko barabara kuu, hazikufuati mlangoni. Hizo kilomita 6 ndizo zinazopandisha bei ya kila gari nitakalolitaja hapa. Kila dereva aliyeegesha pale nje anajua kwamba huwezi kuondoka kwa miguu na sanduku la kilo 23.

Naishi Arusha, na kazi inanipeleka Dar mara kwa mara, kwa hiyo njia hii nimeipita kwa kila aina ya gari, mchana na usiku. Napanga kuanzia ninalolipendekeza kwa msafiri wa kawaida: mtu mmoja au wawili, wana mizigo, wanataka kufika salama bila kumaliza pesa ya wiki.

1. Shuttle inayosubiri ndege yako

Hapa namaanisha basi dogo la pamoja, Hiace au Coaster, ambalo kila abiria analipia kiti chake. Ndilo chaguo langu la kwanza, ila kuna shuttle za namna mbili, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei.

Kuna inayofuata ndege. Dereva anajua namba ya ndege, anajua imechelewa dakika ngapi, ana majina ya abiria wake kwenye karatasi, na akishawapata wote anawasha gari. Halafu kuna inayofuata viti. Hiyo haiondoki mpaka ijae, na kama ndege yenu ilileta abiria wachache, mtasubiri ndege inayofuata mkiwa mmekaa ndani ya gari na milango wazi. Mara ya mwisho kupanda ya aina hii nilitua saa tano asubuhi, tukaondoka saa saba kasoro. Safari yenyewe ya kwenda mjini ni kama saa moja.

Kwa hiyo swali la kwanza unapopiga simu kukata kiti lisiwe bei. Uliza hivi: "Ndege ikichelewa, gari linanisubiri? Na nikishatoka, mnaondoka baada ya muda gani?" Kampuni inayofuata ndege itakuuliza namba ya ndege kabla hujaitaja wewe. Isipouliza, jua unanunua kiti cha kusubiri.

Swali la pili ni hili, na naomba ulishike: "Mwisho wa gari ni wapi hasa?" Usikubali jibu la "mjini". Mama mdogo wangu alikuwa Dar kwa upasuaji wa goti. Nilimkatia kiti kwenye shuttle niliyoipata kwa bei ya chini, pungufu ya shilingi 5,000 kuliko ile ninayoizoea, wakaniambia wanashusha mjini. Saa tatu usiku gari likasimama kwenye sheli, mbali kabisa na katikati ya mji, dereva akatangaza mwisho wa safari. Kwao wao pale ndipo mjini. Nilimkuta amekaa juu ya sanduku lake chini ya taa ya sheli, fimbo ameilaza mapajani, mkoba ameukumbatia kwa mikono miwili. Hakunilalamikia. Alisema tu, "Mwanangu, nilidhani nimekosea gari." Teksi ya kutoka pale mpaka kwake Njiro ilimeza ile 5,000 niliyookoa na nyingine juu yake.

Tangu siku hiyo nataka kutajiwa mahali ninapoweza kupaonyesha kwa kidole: Mnara wa Saa, AICC (kituo cha mikutano cha kimataifa), mlango wa hoteli fulani, stendi. Kampuni nzuri nyingine hupitisha abiria mmoja mmoja kwenye hoteli za katikati ya mji bila kuongeza nauli, ila za Njiro, Sakina au Kisongo utaongezea. Hilo ni haki yao, mradi wakwambie mapema.

Mengine ya kuangalia. Mzigo: uliza sanduku kubwa na begi la mkononi vimo ndani ya nauli, au begi la pili linalipiwa. Hiace iliyojaa abiria haina nafasi ya masanduku makubwa, na utajikuta umelipakata lako mpaka Tengeru. Kiti: uliza kama wanauza viti vya kukunja vya katikati, maana aliyekaa hapo husimama kila mtu wa nyuma anaposhuka. Malipo: wengi hupokea kwa simu, na mimi nalipa kwa Lipa Namba yenye jina la kampuni tu. Ukiingiza namba, jina linatokea kabla hujaweka namba ya siri. Likitokea jina la mtu binafsi, sitisha na upige simu kuuliza. Na ukifika kwenye gari lenyewe, tazama namba. Gari la biashara lina kibao cheupe, la binafsi lina cha njano. Gari lenye kibao cha njano linalobeba abiria kwa nauli halina leseni ya kazi hiyo, na siku ya ajali ndipo utakapojua bima yake ilikuwa ya nini.

Kama unatua mchana na anga liko wazi, omba kiti cha upande wa kulia. Mlima Meru utakuwa nawe karibu njia nzima.

2. Kuchangia teksi

Hili watu hawalifikirii, na kwa watu watatu au wanne linakaribia kabisa shuttle. Bei ambayo mara nyingi utaanza kutajiwa kwa teksi ya KIA hadi Arusha ni kama dola 50. Gawanya kwa wanne: dola 12 na nusu kila mmoja, mnaondoka papo hapo, na kila mtu anashushwa kwake. Chukua nauli ya kiti cha shuttle, ongeza teksi au bajaji ya kukumalizia mjini, kisha linganisha. Mkiwa wawili, shuttle inashinda. Mkiwa wanne, mara nyingi teksi inashinda.

Kutajiwa dola kusikuyumbishe. Tangu Machi 2025 kanuni zimekataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Mwambie dereva kwa upole, "Kaka, nitajie kwa shilingi," na hapo ndipo maelewano yaanzie. Bei ya kwanza siyo ya mwisho, hasa kwa mwenyeji anayezungumza naye vizuri.

Wenzako wa kuchangia utawapata mahali pa kusubiri mizigo. Watu wanasimama pale dakika kumi na tano wakitazama mkanda. Salimia, uliza nani anaenda Arusha. Nimeshachangia na mwalimu, na baba na mwanawe waliokuwa wanaenda msibani Usa River, na hatukuwahi kugombana kwa sababu huwa tunakubaliana mambo mawili kabla sanduku halijaingia kwenye buti: nani anashuka wa kwanza, na kila mmoja anatoa kiasi gani. Anayeshuka Usa River asilipishwe sawa na anayeshuka Sakina. Likiachwa hilo mpaka njiani, mtamalizia safari mmenuniana.

3. Gari lako peke yako

Nimeliweka la tatu kwa sababu ya bei tu. Kuna watu ambao kwao hili ndilo la kwanza, na sitaki wasome juu wakajibana: mwenye watoto wadogo, mgonjwa, mzee, na yeyote anayetua usiku. Ndege ya KLM kwa miaka mingi imekuwa ikitua KIA giza likishaingia. Ukitoka foleni ya uhamiaji, ukapata mzigo, ukatoka nje, saa imekwenda, na kusubiri abiria wa kujaza gari saa hizo ni mateso. Hapo lipa.

Agiza kabla ya kupanda ndege, kwa hoteli au kwa dereva anayefahamika na mtu wako. Dereva wa kuagizwa hutaja bei akiwa hajakuona umechoka. Muombe akutumie namba ya gari na jina lake, na nawe umtumie namba ya ndege. Asikudai pesa yote mbele. Kianzio kidogo kinatosha, mengine mkifika.

4. Coaster ya njia panda

Ndiyo nafuu kuliko zote. Unachukua bodaboda au teksi mpaka Njia Panda ya KIA, unasimama, unadaka Coaster au Hiace inayotoka Moshi. Nauli ya hapo mpaka Arusha haifiki shilingi 5,000. Uzuri mwingine: uwanja uko kusini mwa barabara kuu, kwa hiyo magari ya Arusha yanapita upande uleule unaotokea, huna barabara ya kuvuka. Anayekwenda Moshi ndiye anayevuka, na avuke kwa makini, maana malori yanashuka hapo kwa kasi.

Lakini yajue haya. Gari linakufikia likiwa limeshajaa tangu Boma Ng'ombe, na konda atakwambia kuna kiti hata kama hakipo. Chungulia kwanza. Litasimama King'ori, Kikatiti, Maji ya Chai, Usa River, Tengeru, na sehemu nyingi zisizo na jina. Sanduku litawekwa juu au chini ya miguu ya watu na litalipiwa, kwa hiyo bei ya mzigo isemwe kabla ya kupanda. Napanda hili nikiwa na begi la mgongoni tu, tena mchana. Jua likishazama silipandi, wala simruhusu mdogo wangu alipande. Kusimama pale njia panda gizani na begi lenye kompyuta ni kujitangaza.

Programu za simu za kuitia teksi

Arusha mjini zinafanya kazi vizuri, nazitumia kila wiki. KIA usizitegemee. Dereva wa mjini hana sababu ya kuja kilomita 50 kukufuata, na bei inayotokea kwenye skrini mara nyingi ataibadilisha akikupigia simu. Zitumie kumalizia safari, kutoka shuttle ilipokushusha mpaka nyumbani.

Unaporudi KIA

Kwenda uwanjani shuttle ni nzuri zaidi, kwa kuwa inaondoka kwa saa iliyopangwa. Ila usikubali ile inayopanga kufika dakika za mwisho. Njia nzima ina vijiji vyenye kibao cha kilomita 50 kwa saa, na trafiki wana kamera, kwa hiyo dereva mwenye akili hakimbizi hata mkimsihi. Asubuhi, kati ya mjini na Tengeru, foleni inaweza kula nusu saa. Kwa ndege ya ndani mimi natoka Arusha saa tatu kabla ya kuruka. Ya nje, saa nne na nusu. Shuttle ikiniambia inaondoka baadaye ya hapo, nakata kiti kwenye gari la mapema zaidi la siku hiyo.

Na siku ya kutua, ndege ikishagusa ardhi na simu ikishika mtandao, mtumie dereva ujumbe kabla hata hujasimama kwenye kiti. Wangu huwa ni huu: "Nimetua. Nina sanduku moja la kusubiri, nimevaa koti la kijani. Usiondoke."